Tablo ya Safu Mbili

Ordinateri iko ndani ya gunia la unga wa muhogo! Ile kompyuta yetu ndogo ya kukunja. Iko chini kabisa, nimeifunga na plastiki mara tatu, nikaizungushia shuka lako la zambarau, na waya wake uko kwenye maharagwe. Kwa hiyo ukishangaa kwa nini mama yako alikuwa anasema kila dakika "hilo gunia usimupe mubebaji, beba weye mwenyewe", si kwamba unga wetu ni wa dhahabu. Na kama saa hii umekaa juu yake, simama.

Haya, sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Faida wangu, uzao wangu wa kwanza, habari ya majini? Nakuandikia hii Jumatano jioni. Weye uko uani unamsuka bibi yako Koko nywele zake chache zilizobaki, nawasikia mnacheka. Kesho bandarini nitakutilia barua mkononi na kukuambia usiifungue mpaka nyumba za Kalundu zionekane ndogo kama viberiti. Nakujua, utakuwa umeifungua kabla boti haijageuza pua. Basi isome polepole, na usimsomee mtu wa pembeni.

Sitakuandikia habari za kula, za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na meno ya maziwa. Kama hayakuingia kwa masikio, hayataingia kwa macho. Nataka kukuandikia habari ya kazi, kwa sababu kazi unayokwenda kufanya huko Baraka ni kazi yangu. Usinikatalie. Weye umesoma chuo, una diploma yenye muhuri, na mradi wa maji umekuchagua kati ya wengi ili uwatungie waliokimbia vita karatasi za maelekezo: maji ya kunywa yanasafishwaje, mikono inaoshwaje, mgonjwa wa kuhara anapewa nini. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Lakini nani alikufundisha kufungua ukurasa mweupe na kupanga nafasi za pembeni? Minye, mimi mama yako. Nani katika Kasenga yote, mtaa wetu huu wa Uvira, aliweza kuzifanya namba za kurasa zianze kwenye ukurasa wa tatu, mpaka wanafunzi wa chuo wakapanga foleni mbele ya duka langu la kuchapa, Sekretaria ya Mama Faida, wameshika flash zao kama watoto walioshika sahani? Tena minye. Leo nimemwambia muuza mikate, nimemwambia padri, nimemwambia hata yule mama wa Nyamianda anayejidai na mtoto wake wa Ulaya: "Wangu anakwenda kuandika, na watu watamtii bila kumwona uso." Akakaza kitenge chake, akaenda zake. Nimefurahi mpaka njaa imeniisha.

Lakini furaha yangu ina kivuli, na weye umekiona, ndiyo maana jana uliniuliza: "Mama, kwa nini unanisukuma niende Alhamisi? Kwa nini tusingoje tuende wote?" Nikakujibu kwamba mradi unakungoja. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ndiyo hii.

Wengine wanaijua vita kwa mlio wa bunduki. Mimi naijua kwa karatasi. Miaka yote hii, kila vita iliyokuja Uvira ilipita kwanza kwenye meza yangu. Kwanza wanaacha kuja wenye barua za kuomba kazi. Kisha programu ya harusi inachapwa na hakuna anayekuja kuichukua. Ile ya mwisho bado iko kwenye droo, na njiwa wawili niliowachora pembeni. Kisha wanakuja wamama. Hawaongei sana. Wanataka kikaratasi kidogo chenye jina la mtoto, jina la baba, mtaa na namba ya simu, cha kushonea ndani ya nguo ya mtoto asije akapotea njiani. Juma lililopita nilichapa vitatu. Jana kumi na tisa. Leo nimeacha kuhesabu, nimepanga vinane kwenye ukurasa mmoja, na mkasi haukupumzika. Umewaona mwenyewe watu wa bonde la Ruzizi wanavyoshuka na magodoro kichwani. Hawasalimu. Mbwa wao wanatangulia mbele kana kwamba wao ndio wanaojua njia.

Kabla sijakuambia kilichotokea Jumatatu, lazima nikuambie cha zamani, kwa sababu bila hicho hutaelewa.

Unamkumbuka mama yako mdogo, Nyota? Ulikuwa na miaka sita. Nadhani unakumbuka jinsi alivyokuwa anakubeba mabegani mpaka ziwani, na weye unampiga kichwani kama punda. Siku zote tumekuambia kwamba kolera, ule ugonjwa wa kuhara, ilimchukua, na kwamba ndiyo sababu Pasi, mtoto wake, alikuja kulelewa kwetu akawa ndugu yako. Ni kweli. Lakini kolera ile ilipitia kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa yangu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa sekretaria. Nilikuwa na ordinateri ya kwanza, ile ambayo basoda, askari wa vita, waliibeba baadaye, na jenereta iliyokohoa kuliko mzee. Vita ilikuwa imekata maji ya bomba, watu wanakunywa ya ziwa, kolera ikaingia. Watu wa afya wakaniletea maelekezo ya klore, dawa ya kuua vijidudu, yameandikwa kwa mkono, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa wamama wa nyumbani: klore kidogo sana ndani ya bido, lile dumu la maji ya kunywa. Wa pili ni wa waganga wa kituo cha afya na wasafishaji: klore nyingi, kwa ajili ya ndoo za matapishi na vitanda. Wasomaji wawili, karatasi mbili. Wakasema, "Mama, fanya haraka."

Na mimi juma lile lile nilikuwa nimejifunza kutengeneza tablo. Loo, tablo! Jedwali la safu mbili, mistari minene, kichwa katikati. Nikajiambia: kurasa mbili za nini, wakati fundi anaweza kufanya moja? Kushoto nikaweka maji ya kunywa, kulia nikaweka ya kusafisha, kila mstari unatazamana na mwenzake kama waimbaji wa kwaya. Ilipendeza, Faida. Nilimwita baba yako atoke kituo cha afya na koti lake la uganga aje aione. Aliiangalia, akakuna shingo.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini nani ataisoma?"

"Si bantu wote, kila mutu?"

"Bantu wote ni nani?"

"Weye nawe! Unasikia wivu kwa sababu muke wako anajua tablo."

Akacheka, akarudi kwa wagonjwa wake. Lakini swali lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Hapo ndipo kosa langu lilipo, usilitafute mahali pengine. Nilijua kwamba kwetu karatasi kama ile watu hawaisomi, wanasomewa. Inapelekwa kanisani, baada ya misa mtangazaji anasimama, anaisoma kwa sauti, na kila mtu anarudi nyumbani na alichosikia. Na mtangazaji wa wakati ule, mzee wetu papa Simeoni, Mungu amrehemu, alisoma kila kitu kutoka ukingo wa kushoto mpaka ukingo wa kulia bila kupumua, kama mtu anayevuka mto. Nilimjua. Lakini tablo ilikuwa nzuri.

Jumapili akaisoma. Nilikuwa benchi la tatu, na kitenge kipya, nangoja kusifiwa. Akaanza kushoto, akavuka ule mstari wangu mnene wa katikati kana kwamba haupo, akaingia kulia: "Ndani ya bido tia kijiko kidogo kimoja, ndani ya ndoo tia vikombe viwili, koroga, ngoja, wape watoto wanywe, mwaga sakafuni." Watu wakatazamana. Nyuma mwanaume mmoja akauliza, "Papa Simeoni, tunywe ao tumwage?" Kanisa likacheka. Na mimi nikacheka. Ningeweza kusimama. Ilikuwa hatua tano tu, niseme: "Papa, rudia, hizo ni karatasi mbili." Lakini kusimama kungekuwa kukiri mbele ya watu wote kwamba tablo ya Mama Faida ni mbaya. Nikabaki nimekaa. Nikajiambia wasioelewa watawauliza waganga.

Nyota hakuuliza. Aulize nini, wakati karatasi imetoka kwa dada yake? Akatia klore kama alivyosikia, ya kushoto na ya kulia. Pasi, mtoto wa miaka miwili, akaonja, akapiga yowe, midomo ikawa myekundu. Nyota akamwaga yote uani na kuwaambia majirani: "Dawa yao inaunguza bantu. Afazali ziwa." Majirani wakamfuata na mabido yao. Siku ya nne baba yako alimpokea kituoni amekauka kama jani la muhogo lililoanguka. Nilimshika mkono. Aliniambia, "Dada, hao bantu wa klore, Mungu atabauliza." Hakujua kwamba aliyeyaharibu maelekezo ndiye anayemwambia. Hakuamka kesho yake.

Baba yako anajua. Koko anajua. Pasi hajui, na ana miaka kumi na minane sasa. Nitamwambia mwenyewe, huko Baraka, nikiwa namtazama machoni. Usinitangulie. Ni kitu kimoja tu ninachokuomba uniachie.

Tangu siku ile sikumkubalia tena mteja aliyeniambia karatasi ni ya watu wote. Nilikuwa namuuliza: nani ataishika, na mikono yake ikiwa na nini? Muganga anaweza kupewa tablo, jicho lake linaruka na kutua penye kitu anachotafuta. Mtangazaji nilimwandikia herufi kubwa na kila mstari nikaumaliza pale anapopumua. Papa Simeoni mwenyewe nilikuwa namwita sekretaria asome kwa sauti, nahesabu pumzi zake, naye anafikiri nampenda. Mama aliye jikoni usimwandikie "angalia hapo juu". Hapo juu pameshachanwa pakawashiwa moto. Na kila karatasi nilimpelekea kwanza Koko. Wateja walinicheka: "Mama Faida, huyo bibi hajui hata A!" Koko akawajibu, "Minye sijuwe kusoma, lakini karatasi mubaya ninaijua. Ni ile mwenye kuileta anaona haya nikimuuliza inasema nini."

Sasa Jumatatu. Weye ulikuwa sokoni. Mwanaume mmoja aliingia na viatu safi, siku ambayo njia zote ni matope. Sitakuandikia ni wa upande gani. Pande zinabadilishana, viatu ni vile vile. Alikaa karibu nami, akachomeka flash yake mwenyewe. Alitaka maelekezo mawili, yote ya bandari ya Kalundu.

"Hii ya kwanza ni ya wakaaji," akasema. "Herufi kubwa, ya kubandika kwenye ukuta. Hii ya pili ni ya wenye maboti. Herufi ndogo, iingie mu mufuko."

Wasomaji wawili, karatasi mbili! Kwa mara ya kwanza mteja ameniletea kazi iliyopangwa vizuri, nikataka hata kumsifu. Kisha nikaanza kuchapa. Ya wakaaji ilisema: bandari iko wazi, kila mtu aendelee na kazi yake, asisikilize maneno ya njiani. Ya wenye maboti ilisema: kuanzia Jumapili asubuhi boti zote zikae Kalundu zingoje amri, zisibebe raia hata mmoja.

Watu wanafikiri mwenye kuchapa hasomi. Wanafikiri maneno yanapita kwenye vidole vyetu kama maji kwenye bomba. Nikakaa na uso wa bomba.

"Papa, hii ya wakaaji, kichwa kikae katikati?"

"Katikati, mama. Na utie mustari chini ya 'iko wazi'."

Nikatia mstari chini ya "iko wazi". Mkono wangu huu huu, Faida.

Alipochomoa flash hakuondoka mara moja. Alitazama picha yako ya diploma ukutani, akaniuliza, "Mama, hamuna safari?"

"Safari ya wapi, papa, na kazi yote hii?"

"Ni vizuri," akasema. "Nitapita tena Ijumaa."

Umeelewa sasa. Kesho na Ijumaa sekretaria lazima iwe wazi, ile ordinateri kubwa ya mezani inawaka, na mimi niko mbele yake na miwani yangu. Akikuta kufuli, atajua nimesoma. Tena boti yako ilikuwa imejaa. Nimepata nafasi moja. Kwenye ya Jumamosi nimepata nne.

Usidhani nimebaki tena kwenye benchi la tatu. Tangu jana, kila mama anayekuja kuchukua vikaratasi vya watoto wake, nikiwa nakata na mkasi namwinamia kama ninayemwonyesha namba ya simu, namwambia: "Kama mna safari ya ziwa, iwe Jumamosi. Msingoje Jumapili." Mmoja akaniuliza, "Nani anasema?" Nikamjibu, "Mwenye kuchapa." Alinitazama, akafunga vikaratasi vyake kwenye pindo la kitenge, akatoka mbio. Sijui wangapi wameniamini. Sijui pia ni nani kati yao anayepika chakula cha mwanaume mwenye viatu safi. Lakini safari hii nimesimama.

Na hapa nyumbani nimetengeneza karatasi tatu za Jumamosi, nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna atakayepanga foleni kuziona. Ya baba yako ina mstari mmoja wa herufi nene, kwa sababu waganga husoma mstari wa kwanza na kukimbia: JUMAMOSI JUA LIKITOKA UWE KALUNDU, WAGONJWA UMESHAWAKABIDHI. Nimeishona ndani ya koti lake. Ya Pasi ina mistari minane yenye namba, na kwa kuwa Pasi anaruka kila kitu mpaka mwisho, neno kubwa nimeliweka mwisho: mbebe Koko mgongoni, usingoje atembee. Ya Koko haina hata neno moja. Nimemchorea kikapu chake, jua linalotoka, mgongo wa Pasi, boti. Leo mchana nimemjaribisha. Aliigeuza, akaileta karibu na lile jicho lake zima.

"Asubui ninaenda ku ziwa juu ya mugongo ya Pasi," akasema. "Mapolo iko anangoya kwa boti."

Mapolo ni baba yako. Hakuna mwingine anayemwita hivyo. Nikamwambia, "Ndiyo, Koko. Umesoma kuliko padri."

"Na weye uko wapi?"

"Wapi?"

"Humu. Umechora bote. Weye haupo."

Nilizichukua zote tatu nikazipanga mezani. Kweli, Faida. Kila mtu nimempa mahali pa kusimama, na mimi sipo kwenye karatasi hata moja. Mimi, ninayejua kuliko wote kwamba kisichoandikwa hakifanyiki! Nikachukua kalamu, nikajichora pale nyuma ya Koko, mwanamke mnene wa kitenge, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Koko akaangalia tena, akasema, "Sasa iko sawa. Lakini umejifanya murembo sana."

Karatasi yako weye ndiyo hii barua. Ukishaisoma, ichane na uilishe ziwa. Katika maisha yangu yote ni karatasi ya kwanza ninayomwomba msomaji aitupe. Kwenye ordinateri nimefuta mambo yote ya watu. Nimekuachia faili moja tu, ile tablo ya klore, nimeichapa upya kama ilivyokuwa, na mistari yake minene. Siku ya kwanza ya kazi ifungue kabla hujaandika chochote. Iangalie mpaka uione ilivyo nzuri. Halafu ndipo uanze.

Ukifika tafuta chumba cha watu watano. Kisha ngoja. Ijumaa usije ufukoni kwa woga, utajichosha bure. Jumapili usije kwa matumaini. Jumamosi jioni simama pale maboti yanapopakua, na utazame juu kidogo, kwa sababu wa kwanza kuonekana atakuwa Koko, yuko juu ya mgongo wa Pasi. Nyuma yake ni baba yako na koti lake. Halafu hesabu mpaka nne, uhesabu vizuri, usiridhike na tatu: yule mnene anayelalamika kuhusu unga ni mimi. Jumamosi, mwanangu. Wote. Jumamosi.